Sura ya Sita: Atakayekupokea

Kamatanda iko kandokando ya Likasi, katika ukanda ule wa Katanga ambako ardhi ikifukuliwa hutoa jiwe la kijani. Watu wa huko wameishi kwa shaba, kobalti na reli tangu enzi za mababu: kwanza kwa mkataba wa kampuni ya Union Minière, baadaye wa Gécamines, na kampuni ilipoishiwa nguvu, wengi kwa sululu na gunia, kila mmoja na shimo lake. Ni mahali ambapo watu wengi walifika bila ndugu, wakalazimika kuutengeneza undugu upya. Ndiyo maana nimepachagua pawe kituo cha sura hii.

Ulimwengu wa leo unazungumza sana juu ya dawa za maono: uyoga wenye silosaibini, LSD, ayahuaska ya misitu ya Amazoni, mzizi wa iboga wa Gabon. Hospitali kubwa za vyuo vikuu zinazifanyia utafiti kwa wagonjwa wa sonona, kwa waliozama katika ulevi, kwa wanaoogopa kifo. Mazungumzo hayo huizunguka dawa yenyewe: inagusa sehemu gani ya ubongo, kipimo kiwe miligramu ngapi, nguvu yake inadumu saa ngapi. Yote hayo yana maana. Lakini kuna maswali mengine matatu ambayo huulizwa kwa sauti ndogo: nani alikuandaa kabla hujaona, nani alikaa nawe ulipokuwa ukiona, na nani atakupokea ukirudi. Mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya uponyaji imo katika majibu ya maswali hayo, na kwamba Katanga na majirani zake waliyajibu zamani, wakati mwingine kwa kutumia jani, mara nyingi zaidi bila jani lolote.

Tuanze Kasai, kwa kuwa watu wengi wa Likasi asili yao ni huko.

Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann von Wissmann, walifika katika nchi ya Walulua, ambao wasafiri wa wakati ule waliwaita Bashilange. Walimkuta chifu Kalamba Mukenge na dada yake Sangula Meta wakiongoza jambo jipya. Wafuasi wao walijiita Bena Diamba, yaani watu wa bangi. Jioni walikusanyika uwanjani, buyu kubwa la kuvutia likazunguka kutoka mkono hadi mkono, na waliovuta pamoja wakahesabiana kuwa marafiki wasioruhusiwa kumwagana damu. Salamu yao ilikuwa moyo, neno ambalo kwao ni uzima. Hirizi za zamani ziliwekwa kando. Vijiji ambavyo awali kila kimoja kilikiogopa kingine vilianza kutembeleana.

Katika taarifa za Wissmann kuna jambo moja ambalo watafiti wa bangi hulinukuu mara nyingi, nami nadhani ndilo kiini chenyewe. Mtu aliyefanya kosa aliadhibiwa kwa kulazimishwa kuvuta diamba, buyu baada ya buyu, mpaka apoteze fahamu. Jani ni lile lile. Uwanja ni ule ule, pengine hata buyu ni lile lile. Jioni ya kawaida lilifunga urafiki. Siku ya hukumu lilimwangusha mtu mavumbini mbele ya macho ya wenzake. Kilichobadilika ni namna watu walivyomkalia yule mvutaji: kama wamekaa naye, au wamekaa juu yake. Wanasayansi wa Marekani walihitaji miaka mingi ya karne ya 20 kufika hapo. Timothy Leary na wenzake walisema kwamba safari ya dawa hutengenezwa na hali ya nafsi ya mtu pamoja na mazingira aliyomo, na mwaka 1984 daktari wa akili Norman Zinberg aliandika kitabu kizima kuonyesha jinsi desturi za kundi zinavyoweza kuzuia dawa isimharibu mtumiaji. Walulua walikuwa wameliona hilo uwanjani kwao.

Sitaki kuipamba historia hiyo. Kalamba alikuwa pia mwanasiasa. Diamba ilimsaidia kukusanya nguvu katika biashara ya pembe na katika uhusiano wake na wageni wa Ulaya, na si Walulua wote waliomkubali. Undugu wa uwanjani ulikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilikuwa na walinzi.

Mwaka 1928 reli ya BCK ilikamilika kutoka Bukama hadi bandari ya Ilebo kwenye mto Kasai. Wakati huo huo Union Minière ilikuwa imechoka na vibarua wa miezi sita wanaokuja na kuondoka, ikaanza kuwaleta wafanyakazi wakae, waje na wake zao, wazaliwe watoto kambini. Walikuja Waluba wa Kasai, Walulua, Wasongye, wakakutana na Wasanga wenye nchi, na Walunda, na Wabemba, na watu kutoka Rwanda na Burundi. Likasi, ambayo Wabelgiji waliipa jina la Jadotville mwaka 1931, ikajaa nyumba za kampuni zilizopangwa mistari. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, hospitali, shule, hata ushauri wa namna ya kulea mtoto. Kiswahili kikawa lugha ya wote.

Kitu kimoja kampuni haikuweza kukitoa. Kijijini, mtu akiota ndoto nzito alikuwa na pa kuipeleka: shangazi, mzee wa ukoo, mganga, kaburi la babu. Kambini ndoto ilikuja usiku, na asubuhi king'ora kikalia. Jirani ni mtu wa kabila jingine, padri anataka dhambi tu, daktari wa kampuni anataka homa tu. Ndoto ikabaki na mwenyewe. Ukitafuta mahali ambapo upweke wa kiroho wa mji wa kisasa ulianza katika Afrika ya Kati, kambi za Katanga zina haki ya kutajwa mapema.

Kutoka katika upweke huo ilizaliwa harakati ya Jamaa.

Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, anajulikana zaidi kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichotoka Élisabethville mwaka 1945, kitabu ambacho wanafalsafa wa Afrika wanakibishania hadi leo. Mimi namheshimu zaidi kwa alilolifanya baadaye, ambalo linasemwa kwa uchache. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuja kama mkubwa mwenye amri, akashindwa. Kisha akaacha kufundisha, akakaa chini, akawauliza watu wanataka nini hasa maishani. Majibu yao aliyakusanya katika maneno matatu ambayo wanajamaa walikuja kuyakariri kwa miaka: uzima, uzazi, mapendo. Karibu na mwaka 1953, huko Ruwe kando ya Kolwezi, wachimbaji na wake zao wakaanza kukutana naye, na mkutano huo ukawa harakati iliyosambaa katika miji ya migodi ya Katanga na kurudi Kasai kwa reli ile ile.

Hakuna jani lililovutwa katika Jamaa, wala mzizi uliotafunwa. Walikuwa Wakatoliki wa kawaida, wafanyakazi wa zamu, waliokwenda misa Jumapili. Lakini walikuwa na maono, na mlango wa maono hayo ulikuwa ndoto. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeishi nao mwaka 1966 na 1967, alishangazwa na uzito walioipa ndoto. Mtu hakuingia Jamaa kwa kuandika jina. Waliingia mume na mke kwa pamoja, na walipokelewa na mume na mke wengine waliotangulia. Hao waliotangulia waliwazaa: ndilo neno walilotumia, na walilitumia kwa maana yote. Kuanzia hapo wakawa baba na mama yao, hata kama kwa umri walilingana. Mafundisho yalifuata, wiki kwa wiki, jioni baada ya kazi, mawazo yakitolewa na kupokewa. Safari ilikuwa na hatua tatu zilizoitwa njia. Hakuna aliyeruka njia. Na katika safari hiyo mwanafunzi alitarajiwa kuota, ndoto ambamo anakutana na Bwana au Bikira Maria, kisha aipeleke kwa waliomzaa.

Hapo ndipo nataka tusimame, kwa kuwa matabibu wengi wa leo wa dawa za maono wangepaswa kuketi na kusikiliza. Ndoto haikupokewa kijuujuu. Baba na mama waliisikiliza, wakauliza, wakaipima na maisha ya mwotaji. Unaishije na mke wako? Mmenyimana chakula wiki hii? Kuna jirani ambaye humsalimii? Ndoto nzuri ya mtu mwenye nyumba iliyogawanyika ilirudishwa: bado, nenda mkapatane, utaota tena. Ndoto ndogo ya watu waliopendana iliweza kufungua njia. Maana ya ono haikukaa ndani ya ono peke yake. Ilikamilika pale mtu mwingine mwenye mapenzi alipoiweka kando ya maisha yako ya kila siku akaona kama vinafanana.

Linganisha na kinachotokea mara nyingi sasa. Mtu anakunywa chai ya uyoga peke yake chumbani, au anasafiri bara zima kwenda kwenye kambi ya wiki moja. Anaona. Analia. Anaona kwamba vyote ni kimoja, kwamba baba yake aliyekufa amemsamehe, kwamba kazi yake ni ya bure. Kisha anarudi nyumbani Jumatatu, na hakuna hata mmoja anayejua alikokuwa. Mwezi wa kwanza unamng'aria. Mwezi wa tatu ono linakuwa hadithi ya kusimulia. Mwezi wa sita anatafuta dozi nyingine, au anakata tamaa zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa anajua anachokikosa. Dawa haikumdanganya. Alichokosa ni baba na mama wa kumwambia: bado, nenda mkapatane.

Majirani wengine wa Katanga walilijua hili kwa njia ya ngoma. Ng'ambo ya mpaka, Mwinilunga nchini Zambia, wanaishi Wandembu, ambao ni Walunda na huhesabu asili yao hadi kwa Mwantiyanvwa, mfalme wa Walunda. Victor Turner na mkewe Edith waliishi nao kati ya 1950 na 1954. Katika tiba ya ihamba, husemwa kwamba jino la mwindaji aliyekufa limeingia mwilini mwa mgonjwa na linamtafuna. Mganga humwekea pembe za kuumika ili alitoe. Ngoma zinapigwa, watu wanaimba, mgonjwa anatetemeka. Halafu ngoma zinasimama ghafla, na ndugu mmoja mmoja wanaitwa waseme walichonacho moyoni dhidi ya mgonjwa na dhidi ya wenzao. Mgonjwa naye anasema chake. Jino halitoki mpaka maneno yatoke. Turner alieleza jinsi mganga mkongwe alivyoijua siasa yote ya kijiji, nani anamwonea nani wivu, nani amenyimwa shamba, na jinsi alivyotibu kijiji kupitia mwili wa mtu mmoja.

Edith Turner alirudi mwaka 1985, akiwa mjane. Safari hii aliingia ndani ya duara akapiga makofi na kuimba, akiwa na kinyongo chake mwenyewe alichoshindwa kukisema. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1992 anaandika kwamba machozi yalipomtoka, na mgonjwa alipoanguka, aliona kwa macho yake kitu cha kijivu kikitoka mgongoni mwa yule mgonjwa. Wataalamu wenzake walimtazama kwa mashaka. Sina haja ya kuamua alichokiona. Kinachonigusa ni masharti yake: hakunywa chochote, alikuwa katikati ya watu waliokuwa wakiambiana ukweli, na alipolia nao ndipo alipoona.

Ni kutokana na miaka ile ya Mwinilunga kwamba Victor Turner alijenga wazo lake maarufu la komunitasi, yaani hali ile ambapo vyeo vinatoweka, kila mtu anabaki mtu mbele ya mtu, na wote wanajisikia kitu kimoja. Mwaka 2021 watafiti wa Imperial College London walitumia wazo hilo hilo kuwapima watu waliotumia dawa za maono kwa vikundi. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyoihisi hali hiyo wakati wa kikao, ndivyo alivyokuwa na nafuu na mshikamano na wengine wiki kadhaa baadaye. Na kilichoitayarisha hali hiyo kilikuwa mambo ya kawaida kabisa: kuwaamini wasimamizi, kuelewana na wenzako kabla ya kuanza, kupata mtu wa kukutegemeza, kujifungua moyo na kusema yako. Mganga wa ihamba asingeshangaa kusoma matokeo hayo. Wazo lililotoka vijijini kwa Walunda lilizunguka dunia likafika maabara ya London, na huko limepimwa kwa tarakimu.

Gabon nako wana ushahidi wao, na huu unahusu mmea hasa. Katika dini ya Bwiti ya Wamitsogho na Wafang, anayeingizwa hula ganda la mzizi wa iboga kwa wingi wa kutisha, mpaka alale kama mfu na roho yake isafiri kwa mababu. Mwaka 1962 kijana wa New York, Howard Lotsof, aliyekuwa mtumwa wa heroini, alimeza ibogaini, kiini cha mzizi huo, na alipozinduka akakuta hamu ya heroini imemwondoka. Kuanzia hapo ibogaini ikawa biashara ya kliniki katika nchi kadhaa. Wengine wamesaidika. Wengine wamekufa, kwa kuwa ibogaini huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu mwenye moyo dhaifu haonywi na kitu. Nani asikaribie dawa hizi ni jambo linalojulikana vizuri: wenye maradhi ya moyo wasiguse ibogaini, na wenye historia ya wazimu wao au wa ukoo wao wakae mbali na dawa za maono kwa ujumla. Na sheria za nchi nyingi, Kongo ikiwemo kwa upande wa bangi, zinazikataza. Sura hii haimtumi mtu kuzitafuta.

Lakini tazama kilichobebwa na kilichoachwa. Katika Bwiti, kama James Fernandez alivyoieleza baada ya kuishi na Wafang, mwingizwaji ana baba wa iboga na mama wa iboga wanaokaa naye usiku na mchana, wanampima, wanamwita jina lake asipotee. Hekalu zima linakesha likiimba na kupiga kinubi. Akirudi anasimulia alikopita, na simulizi lake linaingia katika simulizi la wote. Kuanzia siku hiyo ana mahali pa kukaa kila usiku wa ibada. Kliniki zilibeba mzizi. Hao waliokesha waliachwa Gabon.

Nimesema mengi mazuri juu ya jumuiya, na sasa niseme lililo gumu, kwa kuwa nisipolisema nitakuwa nimempeleka msomaji wangu mahali pa hatari.

Mtu aliyefunguka kwa ndoto, kwa ngoma au kwa dawa ni mtu asiye na ngozi. Anayemshika wakati huo anaweza kumponya, na anaweza kumla. Jamaa yenyewe ilikutana na hili. Ndani na pembeni mwake yalitokea makundi yaliyoitwa Katete, yakishutumiwa kwamba umoja wa kiroho kati ya waliozaa na waliozaliwa umegeuzwa kuwa wa kimwili. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akahojiwa na wakubwa wa Kanisa, hakurudi tena hadi kufa kwake mwaka 1977. Miaka ya 1970 maaskofu waliibana harakati hiyo, na wafuasi wake wakatakiwa kuchagua. Wapo waliosema Kanisa lilitumia shutuma kuua kitu ambacho halikukizaa lenyewe. Wapo waliosema lilichelewa. Nionavyo mimi, udhaifu ulikuwa mahali pale pale penye nguvu: mlezi mmoja alikuwa na neno la mwisho juu ya ndoto ya mtu, na yaliyosemwa ndani hayakutoka nje.

Hili si la zamani tu. Katika miji ya Kongo leo, makanisa ya uamsho hupokea ndoto kila alfajiri. Baadhi yao yamemrudishia mtu heshima yake alipokuwa hana kitu. Mengine yamesikiliza ndoto ya mama mwenye shida na kumpa jibu kwamba mtoto wake ni mchawi, na mtoto akaishia mtaani. Hiyo nayo ni jumuiya. Ina upendo wa ndani, nyimbo, kukesha pamoja, maono. Inampokea anayerudi, kisha inamtuma amtupe mwanawe. Anayesema kwamba kundi peke yake linatosha hajatazama vizuri.

Nikiwa na ndugu anayetafuta watu wa kumshika katika safari kama hii, ningemwambia aangalie mambo ambayo ihamba iliyaweka wazi. Je, mganga naye anasemwa, au yeye husema wengine tu? Je, ndugu zako wa nyumbani wapo, au umetakiwa kuwaacha kwanza? Ukisema "hapana" katikati ya kikao, ngoma zinasimama? Ono lako likimtaja mtu mwingine kwa ubaya, kundi linakupeleka kwake mkaongee au linakupa jiwe? Na pesa: inalipwa mara moja kwa uwazi, au inaongezeka kadiri unavyofunguka? Kundi lililo zima huvumilia maswali haya. Huko Kongo ya Chini, John Janzen alieleza mwaka 1978 jinsi mgonjwa anavyozungukwa na ndugu wanaomwendea mganga pamoja naye, wakimwelekeza hospitalini au kwa mganga mwingine wakiona hali haibadiliki. Hawampi mganga mgonjwa wao kama zawadi. Wanamkopesha, na wanakaa hapo wakimngoja.

Ukabila ni mtihani mwingine, na Likasi iliufanya kwa uchungu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Maelfu walirundikana katika kituo cha reli cha Likasi, wakiwa na magodoro na masufuria, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wengine walifia hapo. Hao walikuwa watoto na wajukuu wa walioletwa na reli ile. Jamaa ilikuwa imewafundisha wazazi wao kwamba Mluba wa Kasai anaweza kuzaliwa na Mlunda, kwamba baba yako wa kiroho anaweza kuwa mtu wa lugha nyingine. Undugu huo haukuwa na bunduki wala serikali, na haukuweza kuisimamisha treni. Lakini nauheshimu kwa kuwa ulichagua mstari mgumu zaidi kuuvuka, na ni kipimo kizuri kwa jumuiya yoyote ya uponyaji: inampokea nani ambaye mji umemkataa? Vikundi vingi vya dawa za maono huko Ulaya na Marekani vimejaa watu wa rika moja, kipato kimoja, rangi moja. Wanaona kwamba binadamu wote ni kitu kimoja, halafu wanaagana na watu wanaofanana nao.

Tena kuna suala la muda, ambalo kwangu ndilo la mwisho na zito kuliko yote. Mwaka 2003 Gécamines iliwaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ulipewa jina la kuondoka kwa hiari. Katika Likasi, mtu aliyefanya kazi miaka 25 alipokea bahasha moja, na uhusiano ukaisha. Mashimo ya mikono, ya Kamatanda na kwingineko, yalijaa watu wa namna hiyo na watoto wao. Jeraha la kuachwa kwa bahasha ni jeraha la aina yake, na haliponi kwa tiba inayotolewa kwa bahasha.

Majaribio mazuri ya kitabibu ya silosaibini humpa mgonjwa saa kadhaa za maandalizi, wasimamizi wawili wa kukaa naye chumbani siku ya dawa, na vikao vichache vya mazungumzo baadaye. Kisha faili linafungwa. Rosalind Watts, mwanasaikolojia aliyeongoza upande wa tiba katika jaribio la sonona la Imperial College, aliwasikia wagonjwa wake wakisema kwamba dawa iliwaunganisha tena na nafsi zao, na watu, na dunia. Baadaye alisema hadharani kwamba dawa peke yake haikutosha kuulinda muunganiko huo, akaanzisha mpango ambao watu husindikizana kwa mwezi baada ya mwezi, takriban mwaka mzima. Ni hatua ya kweli, na nafurahi imetoka kwa mtu aliyekuwa katikati ya sayansi hiyo.

Katika Jamaa njia tatu ziliweza kuchukua miaka. Na zilipokwisha, hakuna kilichofungwa: waliozaliwa walianza kuzaa wengine, mafundisho ya wiki yakaendelea, na baba na mama waliokupokea hawakuwa na tarehe ya kuacha kuwa baba na mama. Ukifiwa, walikuja. Ukigombana na mkeo, waliwaita wote wawili. Ukiota tena baada ya miaka kumi, ulijua mlango wa kugonga, na aliyefungua aliikumbuka ndoto yako ya kwanza.